Mkutano Ulifanyika, Lakini Nani Aliambiwa Nini?

Tarehe 26 Juni 2019 mahakama maalumu ya mazingira ya Kenya, inayofahamika kwa kifupi kama NET, ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokuwa ujengwe Kwasasi, kaunti ya Lamu. Mtambo ulikusudiwa kuzalisha megawati 1,050, na leseni yake ilikuwa imetolewa na NEMA, mamlaka ya usimamizi wa mazingira, mwezi Septemba 2016. Wenye mradi, kampuni ya Amu Power, hawakuwa watu wa kubahatisha. Serikali ilikuwa upande wao, benki kubwa ya China ilikuwa tayari kuwakopesha, na ripoti ya tathmini ya mazingira ilikuwa nene ya kutosha kuegemeza mlango. Mikutano na wananchi nayo ilikuwepo.

Mahakama haikukataa kwamba mikutano ilifanyika. Kasoro iliyoiona ilikuwa ya wakati. Watu waliitwa mapema, utafiti haujakamilika, wakaambiwa kuna mradi unakuja. Matokeo ya utafiti yalipotoka, yaani yale mambo yenyewe ambayo mvuvi au mama wa nyumbani angetaka kuyajua, hakuna aliyerudi kuyafafanua ipasavyo na kusikiliza wanasemaje. Kwa mujibu wa hukumu ile, ushiriki wa umma ni oksijeni ya tathmini ya mazingira. Ukikosekana, tathmini huzaliwa mfu hata kama ripoti yake ni kubwa na ya kuvutia namna gani. Zilikuwepo sababu nyingine, ikiwemo kutozingatiwa kwa Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016, lakini hii ya mawasiliano ndiyo iliyobeba uzito. Mwaka uliofuata ile benki ya China, ICBC, ikajiondoa.

Watu wengi wanaosimamia miradi wangesoma hukumu hiyo na kusema, "Basi wangefanya mikutano zaidi." Hapana. Mikutano kumi ya mwanzoni isingeziba pengo la mkutano mmoja wa mwishoni. Tunapopanga mawasiliano ya mradi huwa tunaanza na chombo: tutume barua pepe, tufungue kundi la WhatsApp, tuitishe kikao, tutoe jarida. Chombo kinapaswa kuja mwisho. Kwanza ni nani anasubiriwa aamue nini, na baada ya tarehe ipi maoni yake hayatabadilisha tena kitu? Ukilijibu swali hilo kwa mtu mmoja mmoja, chombo karibu kitajichagua chenyewe. Ukiliruka, utakuwa na picha za mikutano na karatasi za mahudhurio zilizojaa sahihi, na bado hakuna aliyeambiwa.

Kabla ya kwenda mbali, tusafishe maneno, maana yenyewe yanachangia kutuchanganya. Anayebeba mradi kwa fedha na kwa mamlaka, Kiswahili kinamwita mfadhili au mdhamini. (Mtaani yupo pia "sponsa", lakini huyo ana miradi yake mingine.) Mfadhili ametoka kwenye fadhila, na neno hilo linatuvuta bila kujijua: aliyetendewa fadhila hushukuru, hasemi "fedha zako zinakaribia kuisha na kazi haijafika nusu." Mdhamini anafaa zaidi. Dhamana ni mzigo anaoubeba, na mwenye mzigo ana haki ya kujua kamba imelegea wapi. Nitatumia mdhamini kwa yule aliye ndani ya taasisi, mwenye kauli ya mwisho juu ya mradi, na mfadhili kwa anayeleta fedha kutoka nje. Wakati mwingine huwa mtu mmoja, mara nyingi sivyo.

Neno la pili ni wadau. Limetumika mpaka limepauka, hasa likiambatana na mwenzake wa kudumu, "mbalimbali". Mpango wa mawasiliano unaoandika "wadau mbalimbali watashirikishwa" haujasema kitu. Mvuvi wa kisiwa cha Pate, huko Lamu, ni mdau, gavana ni mdau, mkandarasi ni mdau, na mwenye duka la saruji pale mjini naye ni mdau, lakini hakuna ujumbe mmoja wala chombo kimoja kinachowafaa wote wanne.

Sasa turudi Lamu, kwa sababu sheria ya Kenya ina mpango wa mawasiliano uliokamilika kuliko mingi niliyoiona ikiuzwa na washauri kwa bei ghali. Umo kwenye kanuni ya 17 ya kanuni za tathmini ya mazingira za mwaka 2003. Mwenye mradi anatakiwa abandike mabango sehemu zinazoonekana karibu na eneo la mradi. Atangaze gazetini, gazeti linalosambazwa nchi nzima, kwa wiki mbili mfululizo. Atangaze redioni kwa lugha rasmi na lugha ya wenyeji, angalau mara moja kwa wiki kwa wiki mbili. Afanye si chini ya mikutano mitatu na watu wanaoguswa, awaeleze mradi na athari zake, na apokee maoni ya mdomo na ya maandishi. Taarifa ya mkutano itoke angalau wiki moja kabla. Mahali na saa ya mkutano viwafae wenyeji. Na awepo mtu mwenye sifa wa kupokea na kuandika yanayosemwa, pamoja na tafsiri zake.

Ukiitazama orodha hiyo utaona haijirudii. Bango linampata anayepita njia ile ile kila siku. Gazeti linampata mwanasheria wa Nairobi, mtoto wa Lamu aliyehamia Mombasa, na shirika linalofuatilia mazingira. Redio inampata bibi asiyesoma na nahodha aliye baharini. Mkutano ndio pekee kati ya hivyo ambao mtu anaweza kujibu papo hapo. Kila chombo kinafunika tundu lililoachwa na kingine. Halafu yule mwandishi wa maoni, ambaye kwenye bajeti huwa wa kwanza kukatwa, ndiye anayefanya yote yale yawe mazungumzo badala ya tangazo.

Wataalamu wa usimamizi wa miradi hugawa njia za mawasiliano mafungu matatu, na mgawanyo huo ni wa manufaa. Kuna za kusukuma: unatuma barua, ripoti, ujumbe wa simu, na unajua umetuma lakini hujui umesomwa. Kuna za kuvuta: unaweka waraka kwenye tovuti, masjala au ubao wa matangazo, na anayeutaka aje auchukue. Na kuna za kujibizana: simu, kikao, kutembeleana. Kusukuma kunafaa kwa habari ambayo haihitaji jibu. Kuvuta kunafaa kwa nyaraka kubwa zinazotafutwa na wachache wenye uwezo wa kuzisoma. Palipo na mashaka, hasara au uamuzi mgumu, kujibizana hakuna mbadala. Ripoti ya mazingira ya mamia ya kurasa kwa Kiingereza cha kitaalamu, ikiwekwa ofisini ili mwananchi aje aisome, ni njia ya kuvuta iliyopewa kazi ya kujibizana. Imewekwa wazi kama sheria inavyotaka, ila mlango wake una kufuli ya lugha.

Kipengele cha "mahali na saa viwafae wenyeji" kinaonekana kidogo, ila mimi ningekipa nusu ya makala hii kama ningeachiwa. Mkutano wa saa nne asubuhi, msimu wa kaskazi, bahari imetulia na maji ni ya bamvua, utawakuta wavuvi? Utawakuta wastaafu, viongozi, na vijana wasio na kazi siku hiyo. Ijumaa adhuhuri usijaribu. Ukiuita hotelini, wenye ngalawa watabaki nje wakidhani ni sherehe ya watu wengine. Pwani tunalo jibu la zamani: baraza. Kabla baraza halijawa chombo chenye mwenyekiti na ajenda, lilikuwa kiti cha mawe nje ya nyumba, mahali mgeni anapopokelewa bila kuingia ndani na jirani anapopita akasikia. Anayetaka kujua Amu, yaani Lamu kwa kinywa cha wenyeji, inasemaje kuhusu bandari mpya aketi barazani baada ya alasiri siku tatu, anyamaze. Kwa wanawake itabidi yawepo mazungumzo ya pembeni, yaongozwe na mwanamke, maana kwenye mkutano wa mchanganyiko wengi watakaa nyuma na kusikiliza, na kimya chao kitaandikwa kwenye muhtasari kama kukubali.

Na kuna suala la posho. Tusidanganyane. Mkutano unaolipa posho hujaa, na mkutano unaojaa kwa posho hukubali kila kitu ili ufungwe mapema. Nauli na chakula ni haki ya mtu aliyeacha shughuli zake. Zaidi ya hapo unanunua sahihi.

Tuhamie kwa wenye fedha. Huku kosa ni la aina nyingine: habari zinakwenda nyingi na kwa wakati, lakini zimepakwa sukari.

Sisi tuna adabu ya kupeleka habari mbaya. Mzee akifariki Dodoma, kijana wake aliye Mwanza hapigiwi simu akaambiwa "baba amekufa." Anaambiwa "mzee hajisikii vizuri, jitahidi uje." Akifika Singida anaambiwa hali imezidi. Akiiona nyumba na viti vilivyopangwa nje, anajua mwenyewe. Ni adabu nzuri, inamlinda mtu asianguke njiani peke yake. Tatizo ni kwamba tumeihamishia kwenye ripoti za miradi. Mwezi wa kwanza: "kuna changamoto ndogondogo." Mwezi wa tatu: "changamoto zinashughulikiwa." Mwezi wa sita: "mchakato upo hatua za mwisho." Mdhamini anafika eneo la mradi na kuona viti vimepangwa nje.

Hilo neno changamoto lina mashtaka ya kujibu. Zamani tulikuwa na tatizo, kasoro, upungufu, hasara, uzembe, ucheleweshaji, kila moja na maana yake. Sasa yote yamekuwa changamoto. Pampu iliyoungua ni changamoto, mhasibu aliyetoroka ni changamoto, mvua ni changamoto. Msomaji wa ripoti hawezi kujua lipi linahitaji fedha, lipi linahitaji polisi, na lipi linahitaji subira. Ripoti ya mdhamini ingepiga hatua kubwa kama neno hilo lingefungiwa kabatini mwaka mmoja tu.

Ndugu yake ni asilimia. "Mradi umefikia asilimia 90." Ya nini? Tuchukue mfano wa kubuni, mradi wa maji wa shilingi milioni 400 unaotakiwa kukamilika kwa miezi 12. Mwezi wa sita umeisha. Fedha zilizotumika ni milioni 240, yaani asilimia 60. Kazi iliyokamilika na kupimwa ni asilimia 40, ambayo kwa makadirio ilipaswa kugharimu milioni 160. Mkandarasi anayetaka kupendeza atasema "tumetekeleza bajeti kwa asilimia 60", na mdhamini atasikia kwamba kazi imevuka nusu. Anayetaka kusaidiwa ataweka namba tatu pamoja: muda 50, fedha 60, kazi 40. Ukigawa 160 kwa 240 unapata theluthi mbili: kila shilingi inayotoka inazaa kazi ya senti 67. Kwa mwendo huo mradi wa milioni 400 utamalizika kwa milioni 600. Hiyo ndiyo habari anayoihitaji, na anaihitaji mwezi wa sita, wakati bado anaweza kupunguza mabomba, kubadili fundi au kuomba nyongeza kabla mwaka wa fedha haujafungwa.

Wenye fani hii wana jina la ripoti inayoficha hayo: tikitimaji. Miradi mingi huripotiwa kwa rangi za taa za barabarani, kijani kwa salama, njano kwa tahadhari, nyekundu kwa hatari. Ripoti ya tikitimaji ni ya kijani kwa nje na nyekundu ndani. Fundi anajua pampu haitoshi, msimamizi anaandika njano, meneja anaigeuza kijani kibichi, na mkurugenzi analikata tikiti mbele ya waandishi wa habari. Katika Tanzania tunao ukaguzi usiokubali rangi ya nje: mbio za Mwenge wa Uhuru. Kiongozi wa mbio hufika na msafara, akadai nyaraka, na mara kadhaa amekataa kuzindua mradi mbele ya umati. Mkurugenzi wa halmashauri aliyekuwa akipelekewa ripoti za kijani hujifunza rangi ya ndani siku hiyo, pamoja na wilaya nzima.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza na mdhamini: habari mbaya ikufikie kwa mdomo wangu, leo, halafu kwa maandishi kesho. Simu kwanza, kwa sababu kwenye simu anaweza kuuliza, kukasirika, na kutulia. Maandishi baadaye, kwa sababu simu haina kumbukumbu. Ukianza na barua pepe iliyonakiliwa kwa watu kumi, umemvua nguo hadharani, na atatumia wiki nzima kujitetea badala ya kukusaidia. Ukiishia kwenye simu, miezi mitatu baadaye kila mmoja atakumbuka mazungumzo yake.

Ripoti ya maandishi iwe na ukurasa mmoja wa mbele unaojitegemea. Mistari yake ya juu haiwi "Utangulizi" wala "Shukrani". Iwe ni uamuzi unaoombwa: "Tunahitaji idhini ya kubadili chanzo cha maji kutoka kisima kwenda chemchemi, kabla ya tarehe 15, kwa sababu mkandarasi wa mabomba ataondoka tarehe 20." Kisha zile namba tatu. Kisha jambo moja au mawili yanayoweza kuharibu mambo mwezi ujao, na unachofanya. Picha za wafanyakazi wenye kofia za njano zikae nyuma. Kama hakuna uamuzi unaoombwa, sema hivyo waziwazi. Mdhamini anayejua kwamba ukimwomba kitu ni kweli unakihitaji, atafungua bahasha zako.

Mfadhili wa nje ni kiumbe tofauti kidogo. Ana bosi wake, ana fomu zake, ana tarehe zake ambazo hazijali mwaka wako wa fedha unaoanza Julai. Yeye mara nyingi hana uamuzi wa kutoa. Ana ripoti ya kupeleka juu. Msaidie kwa kumpa maneno atakayoweza kuyanakili. Na ujue masharti yake: miradi mipya inayogharamiwa na Benki ya Dunia, tangu Oktoba 2018, inatakiwa kuwa na mpango wa maandishi wa kushirikisha wadau na njia ya kupokea malalamiko inayofahamika kwa wananchi. Wengi huuandika mpango huo ili sanduku lipigwe tiki. Ukichukuliwa kwa uzito, ndio unaokuokoa, kwa sababu malalamiko yasiyo na mlango wa mbele hutafuta wa mahakamani.

Serikali nayo, iwe mdhamini au mdau, husikia kwa karatasi. Unaweza kuwa rafiki wa mkuu wa idara, mkaandikiana WhatsApp kila jioni, lakini jambo halitatembea mpaka liwe na barua yenye kumbukumbu namba, iingie masjala, liwekwe kwenye jalada, na mtu aandike dokezo. Vijana waliotoka kwenye kampuni za teknolojia huona huo ni urasimu. Ni kweli ni urasimu, lakini jalada hubaki pale afisa anapohamishwa, na maafisa huhamishwa. Halafu kuna kupiga hodi. Ukienda kijijini bila kupita kwa mtendaji wa kata na diwani, au kwa upande wa Kenya bila chifu na mwakilishi wa wadi, utapata mkutano siku hiyo na upinzani miezi yote iliyobaki. Hawatasema wanapinga kwa sababu hukupiga hodi. Watasema mradi una changamoto.

Karibu kila mafunzo ya usimamizi wa miradi yana mchoro mmoja: mraba uliogawanywa vyumba vinne, mhimili mmoja ni nguvu aliyonayo mdau, mwingine ni shauku yake na mradi. Msomi aitwaye Aubrey Mendelow ndiye anayehusishwa nao. Mwenye nguvu na shauku unamweka karibu. Mwenye nguvu asiye na shauku unamridhisha. Mwenye shauku asiye na nguvu unampa taarifa. Asiye na vyote unamtupia jicho. Ni mchoro mzuri wa kuanzia, nami huutumia. Lakini hebu uujaze kwa Lamu ya mwaka 2012, bandari mpya ilipozinduliwa kwa shangwe tarehe 2 Machi na marais wa Kenya na Sudan Kusini pamoja na waziri mkuu wa Ethiopia. Mvuvi wa Kiamu angeangukia chumba cha wenye shauku wasio na nguvu: apewe taarifa, inatosha. Mwaka huo huo wa 2012 wakazi walifungua kesi. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba haki zao zilikiukwa, zikiwemo za kupata habari na kushirikishwa, na ikaagiza wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka mmoja baadaye mtambo wa makaa nao ukaangushwa, kwa rufaa iliyokatwa na Save Lamu, muungano wa vikundi vya jamii, na wenzao.

Mchoro haukukosea kuhusu nguvu za mvuvi mmoja siku ile. Ulikosea kuzigandisha. Nguvu za watu hukua wanapounganishwa na kitu kimoja, na hakuna kinachounganisha watu haraka kama kugundua kwamba wote hawakuambiwa. Nikiuchora siku hizi naongeza mshale: huyu anaweza kuhamia chumba gani, na nini kitamhamisha?

Nimeitaja WhatsApp mara kadhaa bila kuigusa, na najua ndiko miradi mingi inakoishi sasa. Inafaa kwa "gari limefika", "nipo njiani", picha ya ufa kwenye ukuta, na ujumbe wa sauti kwa mjumbe wa kamati asiyependa kuandika. Haifai kwa uamuzi. Kwenye kundi la watu 40, dole gumba la mkubwa linamaanisha ameona, au amekubali, au alikuwa anafuta ujumbe akaligusa kwa bahati mbaya. Kimya cha wengine hakimaanishi chochote. Mkurugenzi akiwa ndani ya kundi, fundi hataandika kwamba saruji haitoshi. Na wasio na simu janja, ambao kwenye mradi wa kijiji wanaweza kuwa ndio wenye mashamba yanayopitiwa na bomba, hawamo kabisa. Hesabu nayo inakataa: watu 6 wana njia 15 za kuzungumza wawili wawili, watu 12 wana njia 66, watu 20 wana 190. Kila unayemwongeza kwenye kundi anaongeza uvumi kuliko habari. Mimi hukubali kundi moja la kazi lenye watu wanaofanya kazi, na sharti moja: lililoamuliwa humo si uamuzi mpaka liandikwe kwenye barua pepe au muhtasari kabla ya siku kuisha.

Kijijini Tanzania chombo chenye nguvu kuliko vyote hakihitaji bando. Ni mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kukaa angalau kila miezi mitatu, na kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe. Una akidi, una mwenyekiti, una muhtasari, na una kile kipengele ninachokipenda kuliko vyote kwenye ajenda za Kiswahili: yatokanayo. Kabla ya mapya, mnarudi kwenye yale yaliyosemwa mara ya mwisho na kuuliza yamefikia wapi. Mradi ukiingia kwenye yatokanayo ya kijiji, umeshapata ratiba ya mawasiliano bila kulipa mshauri. Mradi unaoitisha mikutano yake wenyewe, siku zake wenyewe, chini ya turubai lake lenye nembo, unajinyima hilo.

Kwa sababu yatokanayo ndicho kilichokosekana Lamu. Watu waliulizwa, wakasema, wakaenda nyumbani. Iwapo maswali yao yalibadilisha kitu au hayakubadilisha, hakuna aliyerudi kuwaambia kabla leseni haijatoka. Na kurudi huko hakuhitaji teknolojia. Karatasi moja kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, kwenye mti wa diko wanaposhushia samaki, na kwenye mlango wa zahanati, inasomwa pia kwa sauti siku ya mkutano: "Mliuliza kama mlango wa bahari utafungwa wakati wa kuchimba. Ndiyo, utafungwa kwa wiki sita, kuanzia mwezi wa Mei. Mliuliza nani atalipa. Hilo bado halijaamuliwa. Linaamuliwa tarehe 12, na tarehe 14 baada ya alasiri tutakuwa hapa barazani na jibu."